Niliolewa kwa Rivasi

Watu wakiniuliza niliolewaje, huwa nawaambia ukweli: kinyumenyume. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Nililetwa kwenye boma hili kwa gari lililopanda mlima mzima kwa rivasi, na anayebisha aje aniulize mimi mwenyewe, asiwaulize wajukuu wangu ambao wanatia chumvi mpaka wanasema nililetwa na trekta.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijani, au tuseme iliwahi kuwa ya kijani. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana tu wa huku juu karibu na ukingo wa kreta, aliinunua Karatu kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anahama. Aliuza baadhi ya ng'ombe aliogawiwa na baba yake, akarudi nyumbani ameshika usukani. Baba yake alilizunguka lile gari polepole, akainama kuangalia uvunguni, akauliza linakamuliwa wapi.

Akili ya kijana haikuwa mbaya. Sisi Wamaasai tulikuwa tumeshakatazwa kulima ndani ya hifadhi, na kiangazi kikikaza maziwa hayatoshi. Mahindi yalikuwa kwa Wairaqw, kule Karatu na Rhotia. Mbuzi walikuwa kwetu. Yeye akajiweka katikati, anashusha mbuzi na kupandisha mahindi, na kwa mpango huo angekuwa tajiri mapema sana. Shida ni kwamba gari nalo lilikuwa linakula, tena halikuwa linakula mahindi.

Nyinyi wa siku hizi mnaingia dukani mnanunua kipuri. Miaka ile mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, maduka ya Arusha yamebaki na rafu na vumbi, na sabuni unaipangia foleni. Fundi wa Karatu, Mungu amrehemu, alikuwa akiziba tangi la petroli linalovuja kwa kipande cha sabuni hiyohiyo ya foleni. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilikasirika kweli. Sisi tunanuka moshi, gari linaogeshwa tumbo. Mkanda wa feni ulipokatika walisuka mwingine wa ngozi ya ng'ombe, wakaupaka mafuta ya kondoo, na ukifanya kazi unatoa harufu ya nyama choma. Mbwa wa kila boma walikuwa wakilikimbilia lile gari kwa mapenzi.

Na kila kilichoharibika kililipiwa mnyama. Mambo madogo, mbuzi. Mambo makubwa, ng'ombe. Baba mkwe wangu alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni mwa zizi jioni, kuangalia ng'ombe wakiingia, kama wanavyofanya wazee wote. Kwetu hatuhesabu ng'ombe kwa kidole, tunawajua kwa rangi na pembe, na asiyekuwepo anaonekana palepale.

"Yule mwekundu wa baka jeupe yuko wapi?" angeuliza.

"Yuko kwenye pampu, baba," kijana angejibu.

"Na yule mweusi wa pembe moja?"

"Yuko kwenye rejeta."

Mwishowe mzee akaacha kuuliza. Alikuwa akipita karibu na pikapu anaigonga kwa fimbo hapa na pale, anawataja ng'ombe wake mmoja mmoja, kisha anatema mate chini na kwenda kulala. Aliapa mbele ya wazee wenzake kwamba hatatoa hata ukwato kwa ajili ya kile chuma tena. Na mzee yule akiapa, ameapa.

Mimi gari hilo lilinikuta nyumbani kwa baba yangu, kule chini upande wa nyanda. Kijana alikuja kuleta mahindi, na pampu ya mafuta, ile aliyoingia yule mwekundu, ikafa mbele ya boma letu. Akabaki kungoja nyingine itoke Karatu na mtu yeyote atakayekwenda mnadani. Mama akanituma nimpelekee maziwa. Nikampelekea. Kesho yake sikutumwa, nikapeleka vilevile.

Msidhani nilimpenda kwa sababu ya gari. Gari lilikuwa aibu tupu. Nilimpenda kwa sababu hakulitukana. Wanaume niliowajua mimi kitu kikiwashinda wanakipiga teke, au wanampiga aliye karibu. Yeye alikuwa analala chini ya injini, mikono imejaa grisi, anaongea nalo taratibu kama mtu anayemzalisha ng'ombe. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Na pampu ilipofika ikafungwa, gari likawaka, mimi nikaingia ndani nikalia.

Baba yangu alikuwa na mpango mwingine. Kulikuwa na mzee mmoja jirani, ng'ombe wake wanajaza bonde, wake zake wananizidi umri wote, na mdogo kuliko wote hao alikuwa ananiita "mwanangu". Huyo ndiye aliyekuwa ananitaka. Kijana wa pikapu alipoleta posa, baba akamuuliza:

"Kijana, ng'ombe wako wako wapi?"

"Wamo humo, mzee," akasema, akaonyesha gari.

Kaka zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Baba hakucheka.

"Haya," akasema. "Kama hilo ndilo zizi lako, basi limchukue binti yangu mpaka mlangoni kwa mama yako, siku ileile, kabla ng'ombe hawajarudi. Likishindwa, atarudi hapa, nami nitajua pa kumpeleka."

Wazee wa pande zote mbili wakakubali. Baba mkwe alikubali haraka kuliko wote. Alisema afadhali, maana likishindwa analiuza chuma chakavu na mwanawe anapata akili. Mimi hakuna aliyeniuliza, lakini usiku huo sikupata usingizi. Nilijua lile gari.

Siku yenyewe wakaninyoa, wakanipaka mafuta na udongo mwekundu, wakanivika shanga mpaka shingo ikauma. Baba akanimwagia maziwa, akaniwekea majani mabichi kwenye viatu. Kisha mama akanishika uso akaniambia lile analoambiwa kila bibi harusi wa Kimaasai: ukishatoka, usigeuke. Usilitazame boma la baba yako. Anayegeuka anakuwa jiwe. Na bibi harusi hasemi ovyo, anainamisha kichwa na anatembea kama kinyonga.

Nikakaa mbele katikati, mume wangu kulia kwenye usukani, rafiki yake aliyemsimamia harusi kushoto kwangu, amekumbatia dumu la maji ya rejeta. Tukavuka nyanda vizuri. Gari lilichemsha, tukasubiri, likapoa. Pancha moja, wakaziba. Jua lilikuwa bado liko juu, na nilianza kufikiri kwamba labda Mungu naye ni mpenzi wa magari.

Tulipofika chini ya mlima, pale barabara inapoanza kupanda kwenda ukingoni, ikasikika sauti chini ya miguu yangu kama mtu anatafuna mifupa. Gari likasimama. Mume wangu akajaribu gia, akajaribu tena, akazima injini.

"Namba moja imekwisha meno," akasema.

"Na mbili?" rafiki yake akauliza.

"Mbili haiwezi mlima huu."

Kutembea ilikuwa haiwezekani. Mlima ni mrefu, na mimi kwa mwendo wa kinyonga na shanga zote zile ningefika ng'ombe wameshakamuliwa na kulala. Nilimwona yule mzee jirani mbele ya macho yangu, na wale wake zake. Roho iliniuma, nakwambia, na nilikuwa na hasira, maana niliona wanaume wawili wameshika viuno na jua linakwenda.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka. "Rivasi ni nzima," akasema. "Na ina nguvu kuliko namba moja. Tutapanda kwa rivasi."

Akaligeuza gari, matako juu mlimani, pua chini nyandani. Hapo ndipo rafiki yake akapiga kelele: "We! Subiri!" Na mimi nikafumba macho palepale, kwa sababu nilishaona. Gari likielekeza pua chini, bibi harusi aliyekaa mbele anatazama wapi? Anatazama nyumbani kwa baba yake, tena siyo kwa kutupia jicho, bali njia nzima.

Wakaanza kubishana. Mmoja anasema nifunikwe uso kwa shuka. Mwingine anasema nikifunikwa nitafika kama maiti, itakuwa nuksi. Nikawasikiliza mpaka nikachoka. Bibi harusi hasemi, lakini hawa wangebishana mpaka mbuzi waote pembe za fedha.

"Niwekeni nyuma," nikasema. "Nitakaa kwenye bodi, niangalie mkiani. Mkia ndiko tunakokwenda."

Walinitazama kana kwamba jiwe limesema. Kisha mume wangu akatabasamu, tabasamu moja zuri sana, akanishika mkono nikapanda. Nikakaa juu ya gunia la mahindi, mgongo nimewapa wao na baba yangu na nyanda zote, uso mlimani. Rafiki yake akawa anatembea upande wa chini na jiwe mkononi, gari likiteleza aweke kwenye tairi.

Tukaanza. Hatukwenda mbali. Mume wangu alikuwa ametoa kichwa dirishani, amejipinda shingo, lakini mbele yake ni mimi, na shanga zangu, na gunia. Haoni kitu. Nikainua kichwa, nikapaza sauti: "Kulia!" Akakata kulia, na tairi likachungulia korongo. Kulia kwangu ilikuwa kushoto kwake. Jiwe likawekwa haraka. Jasho lilinitoka mpaka udongo mwekundu ukaanza kutiririka shingoni.

"Acha kulia na kushoto," nikamwambia. "Nitasema mlimani au bondeni."

Basi ikawa hivyo. "Mlimani kidogo. Nyoosha. Bondeni. Bondeni zaidi. Nyoosha hivyohivyo." Injini inalia, ngozi ya ng'ombe inanukia nyama choma, sabuni inatoa povu kwenye tangi, na mimi, bibi harusi nisiyetakiwa kufungua mdomo, nachunga gari mlimani kama nilivyochunga ndama wa baba tangu utotoni. Ilikuwa kazi ileile. Ukimwonyesha mnyama njia mapema haogopi. Nilijisikia raha ambayo sijui niieleze vipi, na sikumwogopa mtu yeyote tena.

Tulipofika juu ukungu ulikuwa unaanza kuteremka. Nikasikia kengele za ng'ombe upande wa msitu, bado mbali. "Nyoosha," nikasema. "Usisimame." Tukaingia uwanjani mwa boma la mama mkwe matako mbele, na mimi ndiye niliyeingia wa kwanza kuliko gari na kuliko mume wangu. Wanawake waliokuwa wamejipanga kunitukana, maana bibi harusi mgeni hupokelewa kwa matusi ndipo aheshimiwe, wakasahau matusi yao wakabaki midomo wazi. Nyuma yao, mlangoni mwa zizi, alikuwa amesimama baba mkwe na fimbo yake, anangoja ng'ombe. Hapakuwa na hata mmoja aliyefika.

Kwetu bibi harusi haingii ndani mpaka aahidiwe wanyama. Anasimama hapo, kimya, watu wanambembeleza. Mimi nilikataa hata kushuka kwenye bodi. Mama mkwe akaniahidi kondoo. Shangazi wa mume wangu akaahidi mbuzi. Sikujongea. Mzee akasogea, akasema kwa sauti ya kutaka yaishe:

"Nimekupa mtamba. Shuka, mwanangu."

Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ni zawadi kubwa. Na aliyepewa na aliyetoa, tangu siku hiyo hawaitani majina tena, wanaitana kwa jina la zawadi: angeniita Mtamba, nami ningemwita Mtamba, mpaka kufa. Ndiyo heshima yetu.

"Mtamba sitaki," nikasema. "Nataka gia."

Mume wangu akainamisha kichwa kwenye usukani. Mzee alinitazama, nami nikamtazama, ambalo ni jambo baya kabisa kwa bibi harusi, lakini nilikuwa nimetazama mlima mzima, siwezi kuacha hapo. Alikuwa ameapa. Na desturi ilikuwa upande wangu: bibi harusi akiomba ananyimwaje?

Akalizunguka gari, kama alivyofanya siku ya kwanza. Akaligonga kwa fimbo kwenye pampu, akaligonga kwenye rejeta. Ng'ombe wakaanza kuingia zizini nyuma yake naye hakugeuka kuwaangalia.

"Gia ni ng'ombe gani?" akamuuliza mwanawe.

"Dume la kijivu, baba."

Mzee akavuta pumzi. "Haya. Nimekupa gia," akaniambia. "Shuka."

Nikashuka.

Yule dume wa kijivu akaenda Karatu mnada uliofuata, na gari likapanda mlima kwa mbele kwa miaka mingi, likileta mahindi, likiharibika, likipona. Baba yangu lilimletea magunia hadi mlangoni, naye akawa analisifu kwa kila mtu kana kwamba alilinunua yeye.

Na baba mkwe hakuwahi kuniita kwa jina lingine ila la zawadi yangu. Alizeeka, macho yakapotea, akawa anashinda amekaa nje kwenye jua na blanketi lake. Nikirudi na gari kutoka Karatu, alikuwa akisikia mlio wa injini ukipanda kutoka chini kabla ya wenye macho, ananyoosha shingo, anangoja mpaka nishuke.

"Gia," anauliza, "umefika?"

"Nimefika, Gia."