Upepo wa Kiwanja cha Juu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ufito kinapepea kuelekea bondeni. Mchoraji wa ramani za nyumba, mwanamke wa makamo ambaye mafundi humwita Mama Ramani, anakitazama.

Kiwanja ni cha mdogo wake wa kike. Baba yao aliacha ardhi ya mteremko, wakaigawa kwa kura. Mdogo alipata juu, penye ukavu na upepo. Yeye alipata chini, maji ya mvua yanakoishia. Ukuta wa sebule yake una ukungu hadi usawa wa kiti.

"Kazi yangu ni kuwachagulia watu pa kuelekeza nyumba," anasema. "Yangu niliipachika palipobaki. Wivu ninao, sikudanganyi. Nikikanyaga udongo huu mkavu, roho inaniuma."

Mdogo wake alimwomba amchoree nyumba. Akamchorea. Leo vigingi vya msingi vimeshapigiliwa, na mwashi anavizungukia, ramani mkononi.

"Mama Ramani," anaita, "vyumba vya kulala umevitupa kwenye jua la jioni, halafu stoo ndiyo inakula upepo. Huyu ni mdogo wako au mke mwenzio?"

Vibarua wanacheka. Yeye hacheki.

"Mwacheni dada yangu," mdogo wake anasema. "Kiwanja hiki anakijua kuliko sisi. Nitaweka mapazia mazito."

Mama Ramani anainama, anang'oa kigingi cha kwanza.

"Leteni kamba," anasema. "Tunaigeuza."

Baadaye, pembeni, anaeleza kilichokuwa kwenye ramani ya awali. Iliacha uwazi kando ya nyumba, na upepo unaopita hapo ndio unaoshuka hadi barazani kwake. Ndio unaokausha ukuta wake kila baada ya mvua. Nyumba ikigeuzwa, ukuta mrefu utauziba uwazi huo.

Je, mdogo wake anajua?

"Hajui. Nikimwambia atavirudisha vigingi, namfahamu. Hapo nitamwonea wivu hadi huo moyo wake mwema."

Anapanga kuchimba mtaro nyuma ya nyumba yake na kutoboa dirisha jipya upande wa pili, kabla mvua hazijaanza. Anatumaini vitatosha. Hana uhakika.

Kabla ya saa nne kimebaki kigingi kimoja. Anakishika wima. Mdogo wake anachukua nyundo, anakipigilia.