Neno Lililomfunga Baba

Harufu ya iliki na mafuta ya taa ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi. Ilipenya chini ya mlango wetu pale Majengo ikitoka chumba cha pili, ambako Bi Zuhura alikaanga mahamri ya kuuza. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, asili yetu Murang'a. Yeye alikuwa Mwislamu aliyezaliwa kwenye nyumba ileile ya udongo na mabati, na kati ya mlango wake na wetu hata mtoto anayetambaa asingechoka. Bakuli lake la bluu lilikuja kwetu na mahamri, likarudi na githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha, siku yoyote ilipopikwa. Bakuli la mtu halirudi tupu, Mama alisema, lakini pia halirudi haraka. Kwa nini? Sikuuliza. Mtoto akiuliza sana pale kwetu aliambiwa akacheze.

Msimu ninaoukumbuka ni wa masika. Mama alilazwa hospitalini kumzaa mdogo wangu, mambo yakawa magumu, akakaa huko hadi nikaanza kuisahau sauti yake. Baba alishinda kiwandani, mtaa wa Baba Dogo. Bi Zuhura ndiye aliyenisuka, akanifulia sare, akanikumbatia radi ilipopiga. Nilikula kwake hadi nikazoea kungoja bismillahi kama mwanawe. Nikisahau kushukuru alinitania, "Haya, asante ya punda ni mateke, nirushie moja!" kisha akacheka hadi leso ikamdondoka.

Shuleni nako mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amepagawa na maneno ya shukrani. Alituambia kwamba "thank you" ni ndugu wa "think", yaani kuwaza, na anayelitamka anaahidi kukuweka mawazoni. "Grateful" lina asili ya Kilatini, na linasema tu kwamba jambo limependeza. Na "much obliged", akasema huku ameunganisha viganja kama mtu aliyetiwa pingu, maana yake ni nimefungwa kwako. Jamani, nilichanganyikiwa! Bi Zuhura nilimwaza, alinipendeza, na kama nilikuwa nimefungwa sikujua. Sasa neno langu lilikuwa lipi?

Mama aliporudi na mtoto, amekonda hadi pete inamvuka, Baba alivaa koti la Jumapili akaenda kusimama mlangoni kwa Bi Zuhura. Akatamka neno alilolipenda kuliko yote, alilolichukua kwa msimamizi wake kazini: "Much obliged." Bi Zuhura akacheka. Jioni ile nikamweleza Baba alichokuwa amesema hasa, nikidhani atafurahi. Ala! Aliweka kikombe chini. "Mimi nimefungwa? Na nani?" Kesho yake alirudi na unga, sukari, mche wa sabuni na leso mpya, akavirundika juu ya bakuli la bluu hadi halionekani, akampelekea mwenyewe.

"Haya, Bi Zuhura," akasema. "Sasa tuko sawa."

"Kwani tulikuwa hatuko sawa?"

Aliuliza polepole. Akavipokea vile vitu kama anayemshikia mtu mzigo, akateremsha pazia. Tangu hapo hakuna bakuli lililovuka. Alitusalimia, ndiyo, lakini salamu ya njiani tu. Iliki ilinukia asubuhi na mlango wetu haukugongwa. Mimi nililia. Mama hakuwa na nguvu za kuteka maji wala mtu mwingine wa kumshikia mtoto, na alimwambia Baba jambo nililolielewa nusu: "Umemlipa. Anayelipwa ni kibarua." Baba aliapa kwamba alitaka kumheshimu tu. Hata leo namwamini.

Ikafika siku Mama akajikokota hadi mlango ule. "Zuhura," akasema, "nigawie chumvi kidogo." Chumvi! Mimi mwenyewe nilikuwa nimetumwa chumvi dukani jana yake, na kopo limejaa pomoni. Nikafungua mdomo, Mama akanifinya. Bi Zuhura akaingia ndani, akatoka na chumvi mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamchukua mtoto. "Huyu ananyonya kweli? Mbona mwepesi hivi?" Mambo yakaisha hapo, bila aliyeomba radhi wala aliyeshukuru. Sikuelewa hata kidogo. Aliyetoa sana alifungiwa pazia, na aliyeomba asichohitaji akapokewa.

Siku hizi naishi ghorofani, huko huko Baba Dogo, na kutwa nagawa shukrani: kwa mlinzi, kwa anayeniletea mtungi wa gesi, hata kwa simu. Majirani ni watu wa adabu. Tunashukuriana kwenye ngazi na majina yao siyajui. Nimekuja kujua pia kwamba "asante" yetu ilitoka Uarabuni ikimwambia mtu "umefanya vyema", na kwamba "thengiu" ya nyanya yangu, aliyoapa ni Kikuyu cha mababu, ni Kiingereza kilichopanda mlima. Ujuzi wote huo haujanisaidia.

Mama alipofariki mwaka jana, Bi Zuhura alikuja akiongozwa kwa mkono, macho yamemfifia. Hakuitwa na mtu. Alikaa nasi mkekani hadi tukazika. Alipokuwa akiondoka nilimshika mikono, mimi mwenye maneno yote haya, nikamwambia asante, Bi Zuhura, asante sana kwa kuja. Akaivuta mikono yake.

"Asante ya nini?" akasema. "Kwani waliofiwa ni nyinyi peke yenu?"