Mgongo Wangu wa Kuigiza

Mama yangu hapendi waongo, na hakuna mwongo anayemkera kuliko yule jamaa mbaya wa mieleka kwenye televisheni. Ana kifua kama mlango, lakini akizidiwa kidogo tu anapiga magoti na kuomba msamaha, halafu anashika goti akilia kwamba ameonewa. Refa akigeuka, anaruka na kumtia mwenzake kidole machoni. "Ako sawa huyo!" Mama humfokea refa, kana kwamba yuko pale sebuleni kwetu Masii. "Geuka uone!"

Miaka yote nilimcheka jamaa huyo pamoja na Mama, nikijiona mtu wa upande wa Mama.

Mwaka jana mwethya, kile kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, kilipangiwa kuchimba matuta katika shamba la mjane jirani yetu. Kwetu walikuwa wamemaliza wiki iliyotangulia, na boma lisilotoa mtu huondolewa kikundini. Mtu wetu nilikuwa mimi, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye malengelenge mawili viganjani yaliyonitia hofu kubwa. Asubuhi hiyo niliinama kuchukua jembe, nikapiga yowe, nikaanguka polepole, nikichagua mahali pasipo na mavi ya kuku. Mama, mwenye miaka sitini na minane, alinitazama kitambo. Kisha akachukua jembe akaenda.

Nilivumilia kama dakika ishirini, chai mkononi, kabla aibu haijanishinda. Nikachukua jembe la pili nikamfuata, nimeazimia kukiri mbele ya watu wote. Nilipofika kwenye ua wa mkonge, nikamsikia mwenyekiti, mama mmoja mkali sana, akiuliza mbona kijana hajaja.

"Mgongo yake imeumia kweli," Mama akajibu bila kupepesa macho. "Hata kuinama hawezi."

Niliumia moyoni. Mama, asiyemsamehe mwongo yeyote, alikuwa amedanganya kikundi kizima kwa ajili yangu. Ningeingia nimenyooka, ningemuumbua. Basi nikashika kiuno, nikaingia nikichechemea. Wanawake wakanipa pole, mjane akaniletea uji kabla ya wengine, nami nikachimba hadi saa saba nikiguna kila nilipokumbuka.

Jioni mgongo uliuma kwelikweli. Nikajilaza kwenye kochi, nikamwomba Mama dawa ya kuchua. Alikuwa akitazama mieleka, na hakugeuka.

"Refa ameenda nyumbani," akasema. "Simama."