Kijiti Kilipopita Alama

Kabla ya kumwaga oili ya gari lolote la dizeli, Fundi Pua alikuwa na desturi ambayo mafundi wenzake waliicheka. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kisha alichovya kidole kwenye ile oili nyeusi, akakisugua na kidole cha pili, akakipeleka puani na kufumba macho. Hapo ndipo gari lilipomwambia siri zake. Oili iliyoungua ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Iliyoingiwa na maji ya rejeta ilikuwa na utamu wa kutia shaka. Na dizeli ikivuja kwenye pampu na kushukia kwenye oili, harufu ilipanda kichwani moja kwa moja, kali, wala fundi hakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

"Unanusa magari kama mama mkwe anavyonusa chungu cha mkaza mwana," wenzake walimtania.

"Na mimi, kama mama mkwe, lazima nipate kosa," aliwajibu.

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Lile la kuzaliwa lilibaki kwa mkewe peke yake, na hata yeye alilitumia akiwa amekasirika tu.

Kisha yakaja mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kunywa maji moto na kulala mapema, ila yalipoondoka hayakuondoka mikono mitupu. Asubuhi moja fundi aliona moshi wa mkate unaoungua kabla ya kusikia harufu yake. Na ule moshi ulipomfika usoni, bado hakusikia kitu. Alinusa sabuni. Alinusa kitunguu. Alinusa shati lake la kazi. Dunia nzima ilikuwa imeoshwa ikaanikwa.

Hakumwambia mtu. Pua ndiyo iliyokuwa jina lake. Angewaambiaje watu kwamba jina limekufa na mwenyewe yu hai? Aliendelea kupeleka kidole puani na kufumba macho vilevile. "Safi," alisema, na wateja waliondoka wameridhika. Walikuwa wengi.

Siku moja mawingu yaliamka chini, karibu na mabati. Binti yake, aliyekuja kuwaonyesha wazazi mjukuu wao wa kwanza, alikuwa anarudi kwa mumewe, ng'ambo ya mlima. Mjomba wake, kaka wa mkewe fundi, ndiye aliyejitolea kumpeleka kwa gari lake refu la zamani la dizeli. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa umekufa kabisa. Wa pili ulifunguka kwa nje tu.

"Kama wa mfalme," mjomba alisema akimfungulia mpwa wake. "Mfalme hajifungulii mlango."

"Mfungwa pia hajifungulii, mjomba," binti alijibu, akaingia na mtoto wake, maana manyunyu yalikuwa yameanza.

Fundi alisogeza karai na spana, ambadilishie oili kabla ya safari. "Gari linasemaje, shemeji?"

"Lina adabu hili! Ya wenzangu yanakunywa oili kama walevi. Langu halinywi. Kila nikipima naikuta imepanda!"

"Imepanda?"

"Basi, labda ni ile niliyoongeza kidogo. Usinitolee macho, sijaiba."

Fundi alichomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole kizima. Alikuwa na sheria yake ya siku zote: oili huipasha moto kwanza ili imwagike na uchafu wake wote; lakini ikipita alama, gari haliwashwi. Humwagwa likiwa baridi, uchafu ubaki kama unataka kubaki.

Alisugua vidole. Oili iliteleza kwa wepesi asioupenda. Vidole vilimwambia jambo, ila vidole vyake vilikuwa vimezoea kungoja neno la pua. Akakipeleka kidole juu. Akafumba macho. Ilikuwa kama kunusa bilauri tupu.

Penye kamba ya nguo, mkewe alikuwa akianika nepi. Alikunja uso, akageukia gari kama mtu anayetaka kusema kitu. Kisha akamwona mumewe amefumba macho, kidole puani, akaendelea na nepi zake.

"Vipi, Pua?" mjomba aliuliza. "Mlima unatungoja, na mvua nayo."

"Safi. Umezidisha tu. Washa kidogo tuipashe."

Injini iliitika. Fundi aliinama kuweka karai chini ya nati ya kumwagia oili, na akiwa ameinama hivyo akasikia mlio unapanda.

"Toa mguu!"

"Mguu haupo!"

Mlio ukazidi kupanda. Moshi mzito, wa buluu, ukajaa uani hadi nepi zikapotea.

"Zima!"

Mjomba alizima. Akachomoa ufunguo kabisa, akauinua dirishani fundi auone, na injini ikaendelea kupiga kelele kana kwamba ufunguo ule ulikuwa wa nyumba ya mtu mwingine. Fundi alijua. Oili iliyojaa dizeli ilikuwa inapanda na kuvutwa mahali inapoingia hewa. Gari lilikuwa linajinywa lenyewe, na lisingeacha mpaka oili iishe au chuma kipasuke.

"Gia ya juu! Kanyaga breki, achia klachi, izimike!"

Lakini mjomba alikuwa ameshatoka. Alisimama ukutani, ufunguo mkononi, mdomo wazi. Ndani ya moshi, kiganja cha binti kilikuwa kinapiga kioo cha nyuma.

Mlango au injini? Fundi alikwenda kwenye injini. Aling'oa mpira wa kuingizia hewa, akavua kandambili, akaikandamiza kwenye tundu kwa mikono yote miwili. Tundu liliinyonya kama kinywa chenye njaa. Mikono ilitetemeka hadi mabegani. Injini ilikohoa, ikajivuta, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Ndipo waliposikia mtoto analia.

Mkewe ndiye aliyefungua mlango. Alimtoa binti, akampokea mjukuu, akamfuta masizi usoni kwa nepi mbichi. Kisha akamwita mumewe kwa jina lake la kuzaliwa.

"Dizeli hii inanuka tangu mlipofungua boneti. Imeingia mpaka kwenye nguo zangu. Nikasema, mwenyewe amenusa, mimi nani? Hukuisikia?"

Fundi alivaa kandambili yake. Ilikuwa imebaki na duara, kama alama ya meno.

"Sisikii," alisema. "Tangu yale mafua."

Mjomba aliutia ufunguo mfukoni.

Fundi alitazama pipa lililo pembeni, anamomwaga oili chafu. Humo zilikuwa zimechanganyika zote za tangu mafua: ya gari la kubebea watoto wa shule, ya mkunga, ya muuza mbao anayeshuka mlimani na mzigo. Ipi ilikuwa nyepesi kwa dizeli, ya gari ambalo pampu yake bado inavuja? Pipa halikuwa na jibu. Wote alikuwa amewaambia "safi".

"Vaa viatu," alimwambia mkewe. "Twende kwao, nyumba kwa nyumba. Mimi nitachomoa vijiti, wewe uninusie."

"Tuanze kwa nani?"

"Gari la watoto."

Mkewe alimkabidhi binti mtoto, akavaa viatu. Walikuwa wamefika getini mlio wa dizeli uliposikika kutoka barabara ya mlimani. Wote wakasimama.

"Anabadilisha gia huyo," mjomba alisema.

Walingoja mlio ushuke, kama unavyoshuka gia inapoingia.

Uliendelea kupanda.