Kiganja cha Mama na Joto la Mwezi

Dishi langu lilikuwa kuukuu, la televisheni, nililopewa na jirani yetu hapa Temeke alipobadilisha king'amuzi. Nililifunga uani, nikaliunganisha na kipimo chenye mshale, nikawa napima joto la mwezi. Mtaa mzima uliniuliza kama linashika mpira.

Nilikuwa nasomea fizikia chuoni, na utafiti wangu ndio huo. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi hafifu ya redio, na yale ya mwezi hutoka chini kidogo ya vumbi lake, kwa hiyo huchelewa kufuata joto la jua. Mwezi ukishakuwa mpevu, joto la chini huendelea kupanda siku kadhaa. Mama alisema hiyo ni tabia ya mtu msiri.

Ili nijue kipimo kiko sawa, nilihitaji kitu ambacho joto lake halibadiliki, nacho kilikuwa kiganja cha Mama. Siku ambazo mwezi ulionekana mchana, alikuwa akiacha vitumbua vyake, anajifuta mafuta kwenye kanga, anaweka kiganja mbele ya jicho la dishi. Mshale uliruka. Alama yake niliitia kwa wino kwenye kioo cha kipimo.

"Mwezi wako leo umenifikia?"

"Bado, Mama."

"Basi usinichezee mie." Akarudi jikoni.

Alikufa ghafla, kwa presha. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilikishika kile kiganja, kimepoa kama sakafu, na sikulia. Msibani wanawake wakanong'ona kwamba shule imenikausha macho. Iliniuma, maana nami niliogopa kwamba ni kweli, kwamba sikumpenda ipasavyo.

Siku moja baada ya hitima, mwezi ulionekana mchana. Nikawasha kipimo kwa mazoea, nikageukia jikoni kumwita. Sufuria zilikuwa zimefunikwa. Nikaweka kiganja changu mwenyewe. Mshale ukapanda hadi kwenye alama yake ya wino, ukatulia palepale. Kipimo hakikujua kwamba mtu amebadilika. Hapo ndipo nilipolia, nikakaa chini.

Shangazi, aliyebaki nami tangu msiba, alitoka ndani mbio, akachomoa waya ukutani. Alidhani nimepigwa shoti.

"Pole, mwanangu. Imekuunguza wapi?"

Nikamwonyesha kiganja. Akakigeuza huku na huku, akitafuta jeraha.