Ng'ombe wa Mahogani

Niseme mapema, mtu asije akanisingizia baadaye: mume wangu Ezira akiambiwa achague kati yangu na kipande kizuri cha mti, atanichagua mimi, lakini atafikiri kwanza. Vumbi lake la mbao nimelila katika uji, katika ugali, hata katika chai ya wageni. Na bado, akiniita kutoka uani, "Kabanyana, kuya uone!", naacha sufuria motoni natoka mbio kama msichana. Kila mara kuna kitu cha kuona!

Alianza utotoni, kule juu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, akichunga ng'ombe wa baba yake. Mifugo inakula majani, yeye anachonga. Kwanza fimbo, halafu vijiko, halafu vyombo vya maziwa, vile vyetu vya gogo moja visivyo na kiungo, ambavyo unavichimba ndani kwa kisu kilichopinda mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba kuliko kidole. Ukizidisha kidogo tu, chombo kimetoboka na kazi ya wiki nzima inakuwa kuni. Mama yake hakuwa na huruma. Chombo kikivuja alikitia motoni mbele ya macho yake, na Ezira anasema huyo ndiye mwalimu pekee aliyewahi kumfundisha kitu.

Tulipokimbia vita, watu walibeba sufuria, godoro, Biblia. Bwana huyu alibeba tezo, patasi na kile kisu chake kilichopinda. Nilimgombeza njia nzima. "Tutakula patasi?" Tukafika kambi ya Nakivale, huku Uganda, tukapewa kiwanja na turubai, na tezo lile likaanza kuongea. Lilichonga nguzo za nyumba, mpini wa jembe, kigoda changu cha kwanza, na baadaye mimbari ya kanisa letu pale Kabazana, ambayo mchungaji akiipiga ngumi kwa moto wa mahubiri haitikisiki hata kidogo. Tangu hapo habari za patasi nimezinyamazia.

Lakini ng'ombe! Hapo ndipo moyo wake ulipo. Wa kweli tuliwapoteza wote vitani, na kwa wafugaji kama sisi hilo si jambo la kusema ukalimaliza. Siku moja akaanza kuwachonga. Nilidhani ni michezo ya kupitisha muda. Alipomaliza wa kwanza, mzee mmoja jirani akapita na kitoroli cha maji, akasimama, akakiacha kitoroli kibingirike peke yake. "Hii ni ya kwa Mihigo!" akapiga kelele. "Ile yenye pembe moja iliinama!" Na kweli, alikuwa wa kwa Mihigo, jirani yetu wa kule milimani. Kwetu ng'ombe ana jina, ana mama, ana rangi yake, na pembe zake huwezi kuzichanganya na za mwingine. Ezira alikuwa anawakumbuka wote, wetu na wa majirani. Watu wakaanza kuja kutoka vijiji vyote vya kambi. "Nichongee ya baba." "Nichongee ile iliyonilea." Nimeona wanaume wazima wakilia mbele ya ng'ombe anayeenea kiganjani. Kuuza hauzi, anachonga kwa kupenda tu. Na pembe hazibandiki, anazitoa katika kipande kilekile cha mti. Nikimuuliza kwa nini ajitese hivyo, ananitazama kama nimetukana kanisani.

Mwaka huu binti yetu wa mwisho, Teta, akachumbiwa na kijana aitwaye Cyiza, kijana mzuri, mcheshi, nampenda kuliko ninavyomwonyesha. Nyumba nzima ikachangamka. Lakini mimi katika harusi ile nilitaka jambo moja tu. Kwetu binti hatoki nyumbani mpaka mjomba wake asimame, amshike mkono na kumbariki. Mjomba wa Teta ni kaka yangu Habiyaremye, anayeishi kambi ya Oruchinga. Katika watoto wote wa mama yangu tumebaki yeye na mimi. Asipokuja yeye, upande wangu hauna mtu.

Ezira akasema mwaliko wa simu hautoshi. Mtu kama Habiyaremye anatakiwa kutumiwa zawadi. Akapanga kumchongea Bihogo, ng'ombe mwekundu aliyekoza ambaye ukoo wa Ezira uliupa ukoo wangu siku za ndoa yetu. Ng'ombe wa mahari yangu! Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mbele za watu.

Kwa Bihogo alitaka mahogani, si mti mwingine. Tukapanda gari hadi Mbarara, na kule Ruti, kwenye barabara ya Kabale, tukaingia karakana ya fundi mmoja Munyankore, Byamukama, mtu mwenye tumbo la heshima na penseli sikioni. Pembeni kulikuwa na masalio ya mbao, na Ezira akainama kuyachambua kama mwanamke anayechagua maharage. Akatoka na kipande chekundu.

"Mzee, hiyo ilibaki ya mlango," fundi akasema. "Wewe nataka fanya nini na kidogo hivyo?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe? Banange! Pembe yake iko namna gani?"

Ezira akaweka mbao chini, akainua mikono juu ya kichwa, akaipinda polepole mpaka ikawa pembe za Bihogo zenyewe. Byamukama akatua randa yake. Akainua mikono na yeye. "Ya kwetu hapa Ankole iko hivi, ssebo. Inaenda mbali, halafu inarudi." Ezira akakataa: "Hapana, yangu inafungua kwanza, njo inapanda." Wazee wawili, mikono juu, wanazungukana katikati ya vumbi la mbao, na wateja wamesimama wanashangaa! Nilicheka mpaka nikashika meza. Fundi alimpa kile kipande bure, akidai tu atumiwe picha ng'ombe akikamilika.

Na alikamilika, jamani. Tezo lilipomaliza kazi, patasi ikaingia, halafu kisu, halafu msasa, halafu samli kidogo ya kupaka, na ngozi ya Bihogo ikawaka vilevile ilivyokuwa ikiwaka akitoka mtoni. Shingo ameigeuza kidogo upande wa kushoto, kwa sababu Bihogo alikuwa na tabia ya kutazama nyuma. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Tukamfunga katika kitenge kipya, tukampa jirani yetu Muhirwa, mwenye pikipiki, ampeleke Oruchinga na habari za harusi.

Muhirwa alirudi na kitenge kilekile, na ndani yake ng'ombe yuleyule.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema hivi: muambie shemeji, nimeelewa."

Nilielewa papo hapo, na nikashangaa sana kwamba sikuelewa mapema. Kwetu ng'ombe wa mahari akizaa, ukoo wa mke hurudisha ndama kwa mume. Ndiyo heshima, ndiyo inayofunga undugu. Bihogo alizaa kwa kina Habiyaremye, ndama akaanza kukua, wakapanga siku ya kumleta, na vita ikafika kabla ya siku hiyo. Hakuna aliyewahi kumdai. Lakini kaka yangu alikuwa amelibeba deni hilo kimyakimya miaka yote, na sasa shemeji yake anamtumia Bihogo, na pembe zake, na shingo yake, wakati anapoitwa kusimama mbele ya watu!

"Mungu wangu, Ezira!" nikamwambia. "Umemudai ndama!"

"Miye?" Alikuwa amekaa na patasi mkononi, macho yamemtoka. "Miye nilitaka tu amuone tena."

Nilikasirika naye, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja. Angekuwa mchongaji wa hovyo tusingefika pale. Ng'ombe yeyote tu, mwenye miguu minne na mkia, angepokelewa kwa shukrani na kuwekwa juu ya redio. Kosa lake ni kwamba alimtoa Bihogo mzima mzima. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akaweka vyombo vyake chini ya kitanda, na uani kwetu kukawa kimya kiasi kwamba majirani waliuliza kama anaumwa.

Mimi si mtu wa kukaa na jambo kama hilo. Nikamchukua Bihogo, nikapanda pikipiki ya Muhirwa hadi Oruchinga. Kaka yangu alinipokea vizuri mno. Alinipa kiti, akaniitia chai, akaniuliza juu ya mvua na mahindi. Adabu yake ilinitia hofu kuliko matusi. Nikamweka ng'ombe mezani.

"Kaka, hii haiko deni. Ezira alikuchongea kwa mapendo."

"Najua," akasema. Hakumtazama. "Ezira ni mutu muzuri. Miye njo siko na kintu. Nitasimama aje mbele ya wakwe, mikono mitupu, na batu bote banajua ile ndama haikurudia?"

"Hakuna mwenye anaiwaza ile!"

"Miye naiwaza, Kabanyana."

Nililia, nikambembeleza, nikamgombeza, nikamwita jina lake la utotoni. Akanimiminia chai nyingine. Mwishowe nikasimama nikaondoka, Bihogo nikamwacha palepale mezani, kwa hasira zaidi kuliko kwa hekima. Basi akae naye.

Siku ya harusi ikafika na hatukuwa na neno lolote kutoka kwake. Teta alikuwa amependeza mpaka nikaogopa kumgusa. Wakwe wamekaa upande wao chini ya turubai, wazee wetu upande wetu, kwaya imeimba, imerudia, imeimba tena, na kila mtu alijua tunamsubiri nani. Ezira alikuwa ananitazama kama mtu aliyevunja chombo cha mtu. Mzee mmoja akanong'ona kwamba labda tutafute mtu mwingine wa kusimama. Nikamwambia anyamaze.

Pikipiki ikasikika. Nikamwona kaka yangu akishuka, koti kubwa, kofia, kifurushi kimebanwa kwapani. Hakunisalimu. Hakumsalimu yeyote. Akapita katikati ya watu moja kwa moja hadi mbele ya Ezira, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje ya turubai:

"Shemeji, nimekuya kukupa habari. Ile Bihogo yako amezala kwangu."

Akafungua kifurushi. Ndani kulikuwa na ndama wa mti.

Sijawahi kuona mnyama mbaya kama yule. Miguu hailingani, sikio moja ni la sungura, kichwa utasema ni cha mbwa aliyekasirika. Alama za kisu zimejaa kila mahali, maana kaka yangu maisha yake yote hajawahi kuchonga hata mpini wa mwiko. Na vidole vyake vyote vya mkono wa kushoto vilikuwa vimefungwa vitambaa. Vijana wa upande wa Cyiza wakaanza kucheka. Nikamtazama mume wangu, huyu bwana ambaye akiona kigoda kilichopinda kwa watu anakosa usingizi.

Ezira alimpokea ndama kwa mikono miwili. Akamgeuza, akampapasa mgongo, akamkagua chini ya mkia kama mfugaji anavyokagua, bila hata chembe ya tabasamu.

"Ni jike," akawatangazia watu. Halafu akamwinua juu. "Anafanana na mama yake."

Turubai lote likalipuka! Vigelegele, makofi, wazee wamesimama wanamtungia ndama majina ya sifa kwa zamu, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake, na wale vijana wa Cyiza wanapiga makofi kuliko wote. Habiyaremye akavuka hadi kwa Teta, akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyofungwa vitambaa, akaanza kumbariki. Mimi nililia kwa sauti mbele ya wakwe, na sikujifunika uso.