Vidonge vya Arvid

Miaka kumi na mmoja nimekaa nyuma ya Arvid Tollefsrud, yeye akiendesha basi la shule namba kumi na nne, mimi nikiangalia watoto. Shingo yake naijua kuliko uso wake. Mei ile, wiki moja kabla ya shule kufungwa, shingo ikaanguka mbele na basi limejaa watoto. Nikampiga kofi la bega. Akazinduka, akashika usukani vizuri.

"Nilikuwa natazama mafuta," akasema.

"Mafuta gani, Arvid? Ulikuwa unakoroma."

"Kidogo tu."

"Nenda hospitali. Usipoenda, leo leo namwambia bosi."

Kwa jambo hili watu wa Minnesota, huku Marekani, hunimaliza subira. Mtu wa huku akivunjika mguu atakwambia si mbaya sana. Mimi ni Mkisii. Nikiumwa jino, mtaa mzima unajua.

Alienda. Daktari Nygaard akampa kifaa cha kulala nacho kidoleni, na majibu yakaja kwamba pumzi yake inakatika usingizini mara arobaini na nne kila saa, kwa sababu koo linajifunga. Tiba yake ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani. Arvid aliivaa siku tatu, akairudisha kwenye boksi. Alipokuwa kijana aliwahi kuzama kwenye ghala la mahindi la baba yake, punje zikamfika kidevuni, majirani wakamfukua kwa makoleo. Tangu hapo hawezi kuwekewa kitu puani. Hapo sikumcheka. Nilimhurumia.

Ndipo kwenye kahawa ya baada ya ibada, pale kwa Walutheri, mtu akamwambia jimbo limeuweka ugonjwa wake kwenye orodha ya magonjwa yanayoruhusiwa bangi ya dawa. Arvid, ambaye hajawahi kuvuta hata sigara, akachukua kadi ya ruhusa ya jimbo na kurudi na vidonge vya bangi.

"Kwetu polisi wangekubeba wewe na Biblia yako," nikamwambia.

"Ni vidonge, Kwamboka. Vina lebo."

Akalala. Kufika Julai alikuwa na uso wa bwana harusi. Nilipomuuliza hali akajibu, "Si mbaya hata kidogo," na kwa mtu wa huku hivyo ni vigelegele.

Lakini mkewe, LaVonne, alipokuja kwangu kurudisha sufuria, macho yake yalikuwa mekundu.

"Arvid analala vizuri," akasema. "Mimi nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Pumzi ikikatika. Nikifika kumi na tano namsukuma."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia kulala kwake siku hizi ni tofauti."

Tofauti! Hilo ndilo neno wanalompa mpishi chakula kikiwashinda kumeza. Nilimkasirikia LaVonne, nikamwambia wazi kwamba adabu yake itamfanya mjane. Akanishukuru kwa sufuria.

Agosti madereva hupimwa afya. Jimbo linaruhusu bangi ya dawa, lakini sheria za madereva wa magari makubwa ni za serikali kuu, na hiyo haitaki kusikia habari za kadi. Mkojo ukionyesha bangi, huendeshi. Arvid hakusubiri kupimwa. Alimpelekea bosi funguo mwenyewe.

"Miaka ishirini na sita inatosha," akaniambia jikoni kwao. "Bora nilale."

Najua alivyolipenda lile basi. Mwenzangu alikuwa akilifuta vioo hata siku za mvua.

Wiki iliyofuata Daktari Nygaard akampima tena kwa kile kifaa. Nilikuwa mezani kwao majibu yalipokuja kwa simu. Arvid alisikiliza, akakata, akakaa.

"Arobaini na moja," akasema.

"Lakini si unalala?" nikauliza.

"Nalala. Anasema vidonge vimenizuia kuamka tu. Koo liko vilevile."

Basi lilikuwa limekwenda, na ugonjwa uko palepale. Arvid akasema pengine angeongezewa kipimo cha vidonge. LaVonne akaweka kikombe chini.

"Arvid, naogopa. Naogopa utafia pembeni yangu nikiwa nahesabu."

Walikuwa wameoana miaka thelathini na tisa, na sidhani kama LaVonne aliwahi kumwambia neno kama hilo. Mimi nilitazama kahawa yangu. Arvid aliinuka, akatoka, na tukamsikia akishusha boksi la mashine kutoka juu ya kabati.

Alianza kuvaa barakoa mchana, kwenye kiti cha sebuleni, mashine ikiwa imezimwa, LaVonne amemshika mkono. Siku ya kwanza dakika nne, jasho linamtiririka. Halafu saba. Kuna siku aliitupa ukutani. Hadi Oktoba ndipo alipolala nayo mpaka asubuhi.

Namba kumi na nne sasa ina dereva mwingine, kijana mzuri, anaongea sana. Novemba nilikutana na LaVonne dukani, mbele ya rafu ya siagi, nikamuuliza kama pumzi ya Arvid bado inakatika.

"Sijui, Kwamboka," akasema. "Siku hizi nalala."